Amin ya Mzee Matano

Ndugu yangu Kitwana alikuwa na mguu wa kushoto ambao watu walitoka Soga kuja kuutazama, na kichwa kigumu ambacho ningempa mtu yeyote bure kama angekitaka. Nasema hivyo kwa mapenzi. Kwa mama yetu, Bi Mwamini, tulizaliwa wawili tu, pale Gwata, na baba alipofariki mimi ndiye niliyembeba Kitwana mgongoni huku akinipiga mateke ya mbavu. Mtu asinieleze mpira alijifunzia wapi.

Mimi naitwa Mwanahalima. Nimeachika mara mbili, na mara zote mbili kisa kilikuwa mdomo wangu, kwa hiyo haya nitakayoyasema nimeshayagharimia.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwingereza bado yuko Bomani Kisarawe, na kila kijiji chenye vijana wa kutosha kina timu. Yetu ikiitwa Taufiki. Walicheza miguu mitupu, wamevaa fulana za kijani walizoshonewa na fundi mmoja wa Mlandizi, katika uwanja uliokuwa zamani shamba la muhogo. Ukianguka vibaya unakutana na kisiki. Lakini mpira walikuwa wanaujua. Wakubwa wa timu za Dar es Salaam wakaanza kuja na treni mpaka Ruvu, suruali zimepigwa pasi, kuwanong'oneza vijana wetu: kazi bandarini ipo, pa kulala papo, njoo uchezee kwetu. Wakamchukua beki. Wakamchukua golikipa. Kitwana, ambaye ndiye aliyekuwa kepteni, akawa hali wala hanywi kwa hasira, na siku moja akaja na lake: isomwe Halbadiri.

Halbadiri si mchezo. Ni kisomo kizito. Yanasomwa majina ya watu wa Badri, ubani unafukizwa, na anayekusudiwa linampata la kumpata, popote alipo. Kwetu husomewa mwizi sugu, tena baada ya kuombwa sana aungame. Kumsomea mcheza mpira hatukuwahi kusikia. Mwalimu Mwinyijuma, aliyetufundisha Kurani sote pale kijijini, alikataa, akasema huko ni kuchezea moto. Wakamrudia. Wakamrudia tena. Mwishowe akalegea, maana golikipa mpya, Maneno, alikuwa mtoto wa dada yake, na Mwalimu mwenyewe alikuwa akiipenda Taufiki kuliko alivyotaka ijulikane.

Wakakaa wachezaji wote na Mwalimu wao. Wakasema kwamba yeyote kati yao atakayevaa fulana ya timu nyingine, Taufiki ingali hai, basi limfike. Kila mmoja akaitikia amin kwa zamu yake, na amin ya ndugu yangu niliisikia mpaka jikoni, kwani sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ua tukiwapikia pilau watu hao wenye akili. Mawazo yao yote yalikuwa kwenye timu za Dar es Salaam. Hakuna aliyejiuliza kama iko siku mtu wa Gwata ataitwa kuvaa fulana ya nchi.

Aliyeondoka baada ya kisomo kile alikuwa Isihaka, mtoto wa pekee wa Mzee Matano, ambaye mkewe alikufa mapema na hakuoa tena. Isihaka alikuwa fowadi, mcheshi, hana ubaya na mtu. Alisema yeye haamini kwamba Mungu ana nafasi ya kushughulikia fulana. Akaenda Dar es Salaam, akapata kazi, akacheza mechi chache, kisha akakanyaga msumari uwanjani. Alirudishwa Gwata mguu umevimba, na baada ya siku chache taya zikaanza kukaza. Dresa wa zahanati ya Mlandizi alisema ni pepopunda, imeingilia kwenye ule msumari. Watu wakasema sawa, na msumari ulitumwa na nani?

Mzee Matano alikuja kwetu Ijumaa mchana, akampigia magoti ndugu yangu, mzee mzima, mbele ya mama. Alitaka jambo moja tu, wale waliokaa wakae tena na Halbadiri ifunguliwe. Mwalimu alishasema inawezekana: wakae walewale, kila mmoja atamke kwamba amemwachia mwenzake, aseme amin, basi. Kitwana hakukataa. Alisema sawa mzee, tutakaa, ila kesho tuna mechi Mlandizi na wenzetu kadhaa wameshatangulia, tukirudi tu tunakaa. Jumamosi wakaenda, wakashinda. Waliingia Gwata wanaimba, wakakuta watu wamekaa chini nyumbani kwa Mzee Matano. Isihaka alikuwa amekufa alasiri ile.

Mzee Matano hakutukana mtu. Alihamia shambani kwake kando ya mto Ruvu, akawa haonekani kijijini ila Ijumaa msikitini, na akipita sisi sote tunatafuta kitu cha kutazama chini. Ndugu yangu aliendelea kucheza, tena akawa hodari kuliko mwanzo, lakini alicheza kama mtu anayefukuzwa. Kucheka aliacha.

Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa unaiva, akatokea Hemedi, karani wa Bomani aliyeshika mambo ya michezo wilayani. Alikuja kwa baiskeli, mguu wa suruali kaufunga kamba usiingie kwenye mnyororo, na kabla hajashuka alikuwa ameshaanza kusema. Kitwana wa Gwata amechaguliwa timu ya Tanganyika. Kombe la Gossage, lile la nchi za Afrika Mashariki, linachezewa Dar es Salaam, Jumamosi Tanganyika wanakutana na Uganda, na winga wa kushoto ni yeye. Apande treni ya Jumatano akakae na wenzake kambini. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kafurahi mpaka kasema atakwenda kutazama mwenyewe.

Jumamosi hiyohiyo Taufiki walikuwa na fainali ya kombe la wilaya, kule Kisarawe, dhidi ya timu ya Bomani. Hemedi akasema hilo lisimtie mtu wasiwasi, nchi kwanza. Wenzake nao, nawapa haki yao, hakuna aliyenuna. Maneno alimwambia nenda kepteni, sisi tutajikongoja. Ndugu yangu akacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo, nikajikuta na mimi nacheka peke yangu jikoni.

Mama ndiye aliyeuliza. Alingoja Hemedi aondoke na baiskeli yake, akauliza taratibu kama fulana ya Tanganyika ni ya timu nyingine au si ya timu nyingine.

Mama akamwambia Kitwana kwamba yeye amemwona mtoto wa Matano taya zilivyokaza, alishika kijiko akijaribu kumnywesha uji na uji ukamwagika wote shingoni. Akasema amezaa wawili na hana wa kuchezea. Akitaka kwenda na aende, miguu ni yake, lakini radhi ya mama hana mpaka ile Halbadiri ifunguliwe. Mama yangu hakuwa mtu wa vitisho. Alipolitaja neno radhi nilijua kwamba mlango umefungwa.

Tukaenda kwa Mwalimu Mwinyijuma. Alikuwa amezeeka ghafla tangu msiba ule. Alisema hajui, katika vitabu vyake vyote hakuna palipoandikwa habari za winga wa kushoto, lakini amin ni amin na yeye hawezi kumwambia mtoto wa mtu nenda halafu akamzike. Njia ni ileile, wakae wote waliokaa. Wote walikuwepo, isipokuwa mmoja aliyekuwa kaburini, na nafasi ya huyo lazima ikaliwe na mrithi wake. Isihaka hakuwa na mke wala mtoto. Mrithi wake alikuwa mmoja tu, na alikuwa kule shambani anaamia ndege.

Kitwana aliondoka kwenda kumwona Mzee Matano, akarudi miguu imejaa tope, hajafika. Akaondoka tena, akarudi vilevile. Mara ya pili alikaa kwenye kizingiti cha jiko langu, akajifuta uso kwa kanzu, na nilipotazama vizuri nikaona halikuwa jasho.

"Nimwambie nini, dada?" alisema. "Yeye alikuja kuniomba kitu hikihiki."

Nikamwambia basi aache, akae, mpira si chakula. Akanitazama kwa namna iliyoniogopesha. Alisema katika dunia hii hana kitu kingine anachokijua ila kule kushoto mwa uwanja, na sasa watu wasiomjua wamemwona na kumwita. Hawaiti mara mbili. Kwa umri wake, akikosa safari hii atakufa ni mtu wa Gwata aliyekuwa na mguu mzuri. Alisema hayo huku analia wazi, na mimi, mwanamume akilia mbele yangu, hasira hunipanda, sijui kwa nini. Nikafunga kanga kiunoni nikaenda mwenyewe.

Mzee Matano alikuwa juu ya dungu lake katikati ya mpunga, kombeo mkononi, kamba za madebe zimefungwa huku na huku. Nilimwamkia kutoka chini. Aliitikia marahaba mwanangu, vizuri tu, akaniuliza hali ya mama. Sikujua kuanza kwa upole, sijapata kujua, nikayamwaga yote: kuitwa kwa Kitwana, radhi ya mama, maneno ya Mwalimu. Nikasema najua hatuna uso wa kumwomba. Nikasema kama anataka kututukana atutukane kwanza, nitasimama hapo mpaka amalize. Yeye alikuwa akitupa mabonge ya udongo kwa kombeo, anapiga kelele za ndege, anavuta kamba, madebe yanalia. Shingo iliniuma kwa kumtazama juu. Nilidhani hanisikilizi.

Kisha akaliweka kombeo.

"Mtakaa kabla ya mpira," aliuliza, "au mkirudi?"

Nilitamani ardhi ya mpunga inimeze na tope lake. Nikasema kabla, mzee wangu. Jumanne, baada ya swala ya alasiri. Akasema atakuja, na kwamba nirudi nyumbani kwa sababu ndege hawangoji mazungumzo.

Jumanne alikuja amevaa kanzu yake ya Idi. Walikaa mkekani barazani kwa Mwalimu, mimi na mama tukiwa nyuma ya ua na wanawake wengine, moshi wa jiko machoni, tunachungulia katika makuti. Kikasomwa kilichosomwa. Ubani ukafukizwa. Halafu wakaanza kutamka, mmoja baada ya mwingine: nimemwachia Kitwana, amin. Maneno akatamka. Wakatamka mabeki. Ikafika kwa Mzee Matano.

Alikuwa amemkazia macho Kitwana. Midomo yake ilifunguka ikafungika. Niliona mishipa ya shingo imemsimama, na mkono wake mmoja umeukamata mkeka mpaka ukili unachanika. Mwalimu hakumhimiza. Nilijua anataka kutamka na hawezi, na kwamba akishindwa hakuna wa kumlaumu duniani, na nikaomba ashinde, nikajichukia kwa kuomba.

"Nimemwachia," alisema mwishowe, na sauti haikuwa yake. "Kwa niaba ya mwanangu na kwa niaba yangu. Aende. Amin."

Mama akalia, akacheka, akaniunguzia wali. Chakula kikaliwa, na Mzee Matano akala na wenzake kutoka sinia moja, polepole, akanawa, akaaga, akaenda zake shambani jua bado lipo. Hakumpa Kitwana mkono, lakini nani angemdai mkono? Alikuwa amempa kilicho kikubwa kuliko mkono.

Jumatano tulimsindikiza Ruvu stesheni, mama, mimi, Maneno na vijana wengine. Mama alikuwa amempaka mafuta kichwani na kumwombea mpaka Kitwana akaona haya. Mimi nilimtilia mkobani maandazi na kanzu safi. Treni ikaingia na moshi wake. Maneno akaurusha mkoba ndani kupitia dirishani, akampigia kelele apande. Kitwana akashika chuma cha mlangoni, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Hakupanda. Nikadhani anaaga. Treni ikapiga honi, ikajivuta, yeye akauondoa mguu, akakiachia chuma, akabaki amesimama huku mabehewa yanampita mbele ya uso. Mkoba ulikwenda Dar es Salaam, mwenyewe akabaki Ruvu.

Nilimfuata nikamshika kifua cha shati. Nilimuuliza kama ana wazimu, kama anaumwa, kama ameona shetani. Alinijibu kwa utulivu ambao mpaka leo nikiukumbuka damu inachemka.

"Ilikuwa alasiri moja tu, dada," alisema. "Tumekaa, tumetamka, tumekula, na jua halijazama. Isihaka alikuwa akihitaji alasiri moja."

Nikamwambia hayo yameshapita, mwenyewe mzee kamwachia, wote tumesikia. Akasema hilo ndilo linalomshinda. Angekataliwa angepanda kwa hasira. Sasa kila atakapougusa mpira huko Dar es Salaam atajua umemfikia kwa ile alasiri aliyomnyima mwenzake kwa ajili ya mechi ya Mlandizi. Alisema yeye aliichagua Taufiki siku ile, basi na abaki na Taufiki mpaka wamzike. Jumamosi atacheza Kisarawe.

Mama alikaa chini pale stesheni, kwenye kokoto, akajishika kichwa. Mimi nilitukana. Nilimtukana njia nzima mpaka Gwata, nikatukana mpira, nikautukana na mguu wake wa kushoto. Hakuna aliyekwenda shambani kumwambia Mzee Matano. Kila mtu alidhani mwingine atakwenda, na kusema kweli sote tulikuwa tumezoea kumkwepa.

Jumamosi Taufiki walipanda treni kwenda Pugu, ili watembee kutoka hapo mpaka Kisarawe, na mimi nikaenda nao kwa sababu sikumwamini ndugu yangu kubaki peke yake na mawazo yake. Treni ilijaa pomoni. Watu walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kuwaona Uganda wakifungwa, wana ngoma, wana filimbi, wamekaliana mapajani. Jamaa mmoja mnene, katoka sijui Morogoro, alimshika Kitwana bega akamuuliza kama amesikia habari za winga mpya wa Tanganyika, mtu wa hukuhuku Uzaramo, wanasema mguu wake wa kushoto hauzuiliki. Maneno akageuza uso dirishani.

"Nimesikia," Kitwana alisema.

Tuliposhuka Pugu yule jamaa alitushangaa. Alitupungia mkono akituonea huruma, watu gani hawa wanaoshuka siku ya leo.

Uwanja wa Kisarawe ulikuwa na watu wa kuhesabika, wengi wao wazee na wagonjwa. Bwana Shauri alikuwa ameshuka Dar es Salaam. Hemedi naye alikuwa huko, na baadaye nilisikia kwamba alizunguka kambini akiuliza Kitwana yuko wapi mpaka wakamwona kichaa. Hata timu ya Bomani ilikuwa imekimbiwa na wachezaji wawili waliokwenda kutazama mpira mkubwa, nafasi zao zikajazwa na tarishi na mpishi. Ndugu yangu alicheza. Sijawahi kumwona akicheza vile na sikumwona tena. Alipita kushoto, akarudi akapita tena, akafunga, akaweka mpira katikati mwenyewe kama anayetaka yaishe haraka, akafunga tena. Hakuna aliyepiga makofi ila mimi, na nilipiga kwa uchungu. Kombe alikabidhiwa na karani mdogo aliyelitoa kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

Walirudi kwa lori, hawaimbi. Lakini Jumapili asubuhi wazee wa timu waliona kombe ni kombe, wakalileta barazani kwetu, kukapikwa chai na mihogo, watu wakajaa. Hata mama alianza kujifariji. Alisema walau mtoto yupo, mzima, anakunywa chai. Wakaanza kumsifu Kitwana kwamba ameiacha nchi kwa ajili ya Gwata, wakasema habari hii watoto watasimuliwa. Kitwana alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba na kikombe cha chai mkononi, chai imepoa.

Ndipo akaja Mzee Matano. Hakuja kwa njia ya mtoni. Alikuja kwa njia kuu inayotoka Mlandizi, kanzu yake ya Idi imejaa vumbi la lori mpaka mabegani. Kitwana akasimama, akamwamkia. Mzee akaitikia, akakataa kiti.

Alisema ametoka Dar es Salaam. Aliondoka shambani Ijumaa alfajiri, hakupita kijijini, akalala kwa dada yake Ilala, na Jumamosi akatangulia uwanjani mapema apate mahali pa mbele, upande wa kushoto. Tangu alipomfuata Isihaka kule mgonjwa hakuwa amekanyaga tena mji ule, na alikuwa ameapa hataukanyaga. Walipotoka wachezaji akawatazama mmoja mmoja. Akamwona mtu mwingine kule kushoto. Akadhani Kitwana ataingia baadaye. Akamuuliza jirani yake, jirani akasema hamjui Kitwana. Alikaa mpaka mwisho, watu wakatoka, akakaa.

"Mzee wangu," ndugu yangu alisema, "nilibaki kwa ajili ya Isihaka."

"Isihaka alitaka kwenda," alisema Mzee Matano.

Hakupandisha sauti. Alisema yeye hakutamka amin ile kwa ajili ya Kitwana. Aliitamka kwa kuwa alikuwa ameona kwamba walikuwa vijana wawili, na mmoja angalau afike, amwone kwa macho yake amefika, ajue kwamba ile Halbadiri imekufa na haitamla mtoto mwingine wa mtu. Alimwambia Kitwana kwamba hajui kama anafahamu ilimgharimu nini. Mwanawe alikufa hakukaliwa. Kitwana amekaliwa, amefunguliwa, amepewa chakula, mama yake amempa radhi, na amebaki palepale kama aliyekufa.

"Sasa nimekusamehe ili iwe nini?" aliuliza.

Mzee Matano akalitazama kombe pale mkekani, kati ya sahani za mihogo, kama anayetazama kitu asichokijua matumizi yake. Kisha akageuka kuondoka. Kitwana akakiacha kikombe kikaanguka, akamkimbilia mpaka njiani, akamzunguka akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi, akamshika kanzu. Alikuwa analia kwa sauti, hajali nani anamwona. Alimwomba msamaha. Alisema atakwenda, wakimwita mwakani atakwenda, atakwenda hata kwa miguu.

Mzee alimsubiri amalize. Akaitoa kanzu yake mikononi mwake taratibu, kidole kimoja kimoja, bila ukali.

"Msamaha nilikuwa nao mmoja," alisema. "Nilikupa Jumanne."

Akampita akaenda zake. Kitwana alibaki amepiga magoti njiani, na barazani watu wakaanza kuchukua viatu vyao, wakaondoka mmoja mmoja bila kumuaga mama.